Kijana wa Ozi anayetaka utrafiki aanzie wapi

Hakuna fomu ya kujiunga na trafiki. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu kijana wa Ozi anayepita Minjila, pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Malindi na Garissa, humwona askari amesimamisha lori, anakagua tairi moja baada ya jingine, akadhani yule alisomea utrafiki tangu siku ya kwanza. Sivyo. Unaingia katika Huduma ya Kitaifa ya Polisi kama kurutu, unafuzu ukiwa konstebo, unapangiwa kituo, na ukiwa kazini ndipo unaweza kupelekwa trafiki na kufundishwa kazi yake. Kwa hiyo mtu akileta "fomu ya trafiki" kijijini, hata akidai mia mbili tu za kuchapisha, mwambieni aondoke nayo.

Mlango huo mmoja haufunguliwi kwa ratiba ya kutegemewa. Mwaka 2025 zilitangazwa nafasi 10,000 za konstebo. Shughuli ilipangwa ifanyike Oktoba, mahakama ikaisimamisha kwa sababu ya mvutano kuhusu nani ana mamlaka ya kuajiri polisi, Inspekta Jenerali au Tume ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, na mwishowe vijana wakaitwa viwanjani tarehe 17 Novemba. Kwa mwenye karatasi zake tayari, mabadiliko hayo yalikuwa usumbufu tu. Aliyengoja tangazo litoke ndipo aanze kutafuta kitambulisho alikuwa amekwisha chelewa.

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka Mkenya wa miaka 18 hadi 28, aliyefanya KCSE na kupata angalau D+ kwa jumla, pamoja na D+ katika Kiswahili au Kiingereza. Urefu usipungue futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, futi 5 na inchi 3 kwa mwanamke. Awe na afya njema, asiwe na rekodi ya uhalifu, na msichana asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Lile neno "au" kati ya lugha mbili lisomwe vizuri: aliyeangushwa na Kiingereza lakini Kiswahili chake ni kizuri bado yumo. Urefu nao hupimwa bila viatu, basi jipime ukutani nyumbani kabla ya kutoa nauli. Masharti haya hubadilika, na tangazo jipya ndilo la kufuata. Tafuta nakala yake kamili katika gazeti la MyGov au tovuti ya polisi, usitegemee picha iliyokatwa nusu inayozunguka kwenye WhatsApp.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi, na hapa ndipo ningemshauri mzazi akae na kijana wake jioni moja, wamwage kila cheti mkekani. Anzeni na majina. Kitambulisho kimeandikwa "Mohamed", cheti cha KCSE kina "Mohammed". Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha shule kimeliacha. Binti ni Fatuma huku na Fatma kule. Nyumbani hakuna anayejali, lakini afisa aliye na foleni ya mamia ya watu mbele yake hana muda wa kusikiliza historia ya ukoo wenu. Tofauti ndogo inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo inayoonyesha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na hati hiyo huapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo. Garsen kuna mahakama, kwa hiyo si safari ya Mombasa. Tofauti kubwa, kama mwaka wa kuzaliwa, inahitaji kusahihishwa kwenye ofisi iliyotoa cheti chenyewe, na hilo huchukua muda mrefu zaidi.

Kitambulisho kinachotakiwa uwanjani ni chenyewe halisi, na karatasi ya kungojea haihesabiwi. Anayetimiza miaka 18 leo aende kwa chifu akiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Cheti cha KCSE pia kiwe halisi. Wapo ambao vyeti vyao bado vimo kabatini mwa shule kwa sababu ya salio la karo. Wizara ya Elimu imeshawaambia wakuu wa shule mara nyingi kwamba cheti hakizuiliwi kwa deni, basi nenda ukakidai kwa heshima, na mzazi akiwepo mazungumzo huwa mepesi. Kilichopotea au kuoza huombwa tena KNEC, baraza la mitihani, kwa njia ya mtandao, kwa ada. Tangazo likitaka cheti cha tabia njema, hicho hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kupitia eCitizen, kisha mtu huenda kuchukuliwa alama za vidole. Usikiache mpaka wiki ya mwisho.

Halafu kuna safari. Ozi iko kule Mto Tana unakokaribia bahari, Kipini Mashariki, na anayeishi huko haambiwi mvua hufanya nini kwa njia. Vituo vya kuandikisha makurutu huwekwa kwa kaunti ndogo, na shughuli huanza saa mbili asubuhi. Kutoka Ozi hadi Kipini kwa boti au pikipiki, kisha kuitafuta barabara ya Lamu, kupita Gamba na vizuizi vyake vya ukaguzi, mpaka Minjila na Garsen: anayetoka alfajiri siku yenyewe anacheza kamari. Tangulia siku moja, lala kwa shangazi au rafiki, amka umepumzika. Karatasi zitie kwenye faili la plastiki linalofungika, kwa sababu cheti kilicholowa botini wino wake hutawanyika, na hakuna atakayekisoma. Nakala ziwe kando na vyeti halisi.

Kuandikishwa karibu na nyumbani si jambo la bahati nasibu. Katiba, kifungu cha 246, inataka polisi waakisi maeneo na makabila yote ya nchi, na ndiyo maana nafasi hugawiwa kaunti ndogo badala ya kumiminwa Nairobi. Kijana wa Kipokomo, Mworma au Mbajuni wa Delta ya Tana anayepanga foleni Garsen anadai sehemu ambayo Katiba imekwisha kumtengea. Wasichana hasa wasikae nyumbani wakidhani wanaenda kujaza foleni tu.

Uwanjani utapimwa urefu, vyeti vitakaguliwa, utakimbia, kisha utatazamwa mwili: meno, macho, nyayo. Wengi hufanya mazoezi ya miguu wiki mbili wakajiona tayari. Anza miezi mitatu kabla, kimbia asubuhi na pia saa nne jua likiwa limechoma, kwa sababu Garsen haitakungojea upate kivuli. Vaa raba ulizokwisha zizoea. Kunywa maji tangu jana yake.

Sasa pesa. Utasikia bei, tena zikitajwa kwa uhakika kama bei ya mchele. Kumbukeni yaliyotokea mwaka 2014. Mwezi Julai waliandikishwa makurutu 10,000 nchi nzima, malalamiko ya hongo na upendeleo yakazidi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, ikaenda mahakamani, na tarehe 31 Oktoba Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza vijana wale waripoti chuoni, lakini amri ya mahakama ikabaki palepale na uandikishaji ukarudiwa upya. Fikiria familia iliyouza ng'ombe au shamba ili kijana wao apate barua ya kuitwa chuoni. Waliolipa na wasiolipa walirudi nyumbani pamoja, na aliyelipa hakuwa na pa kudai. Tangu hapo imekuja Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo humhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Ukiombwa hela, andika jina, mahali na saa, kisha piga simu EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kwa 1551 au IPOA kwa 1559, bila malipo.

Ukichaguliwa, kampasi kuu ya chuo cha polisi iko Kiganjo, Nyeri, karibu na Mlima Kenya, na kampasi nyingine zipo Embakasi. Mtoto wa pwani abebe sweta. Baridi ya Kiganjo alfajiri haina mzaha.

Na utrafiki wenyewe? Uko chini ya Polisi wa Kenya, si Polisi wa Utawala, kwa hiyo idara unayopangiwa ina uzito. Kazi yake ni pana kuliko kusimamisha matatu. Ajali ikitokea, trafiki ndiye anayepima alama za breki barabarani, kuchora mchoro wa mahali, kuandika taarifa za mashahidi, na miezi kadhaa baadaye kusimama kizimbani aulizwe maswali na wakili. Mwaka 2024 NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu vifo 4,748 vya barabarani nchini. Askari asiyeweza kuandika taarifa inayoeleweka hupoteza kesi, na familia ya marehemu hupoteza fidia. Kwa hiyo anayetaka trafiki aboreshe mwandiko na hesabu ya vipimo kabla ya kujifunza kupiga filimbi.

Jambo jingine unaloweza kulifanya sasa hivi ni leseni. Vijana wengi wa Kipini na Ozi wanaendesha pikipiki za abiria, na si wote walio na leseni. Ipate kihalali. Itakusaidia kazini, na itakuepusha na kesi ya barabarani inayoweza kukuchafulia rekodi kabla hujaitwa uwanjani. NTSA nayo, mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya 2012, huajiri watu wake kwa matangazo yake yenyewe. Anayependa usalama barabarani lakini urefu umemkataa aangalie huko.

Baada ya kufuzu unaweza kupangiwa Turkana au Busia, na kupewa zamu ya kulinda benki badala ya barabara. Ikubali. Maombi ya kuhamia trafiki utayaandika ukiwa konstebo, yapitie kwa mkuu wa kituo chako, naye atayatazama pamoja na faili lako: mahudhurio, nidhamu, na jinsi ulivyoandika kitabu cha matukio.