KUCHAGUA MAABARA YA UTAFITI
Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayejitayarisha kwa Udaktari wa Meno Nchini Marekani

Dibaji

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya vijana wa nyumba zisemazo Kiswahili nchini Marekani, wawe wamezaliwa huko au wamefika pamoja na wazazi wao kutoka Kongo, Tanzania, Kenya, Burundi au Rwanda, ambao wamo vyuoni wakisoma shahada ya kwanza kwa nia ya kuwa madaktari wa meno. Kimetungwa vilevile kwa wazazi wao, kwa kuwa mzazi asiyefahamu mwanawe hufanya nini maabarani jioni baada ya jioni, wala kwa nini pengine huifanya kazi hiyo bila ujira, yamkini akamzuilia jambo la heri pasipo kukusudia.

Mzazi aliyelelewa Afrika Mashariki hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu, kuona safari hii ilivyo ndefu. Maana katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kijana hutoka kidato cha sita akaingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari wa meno na kuyahitimu kwa miaka 5. Marekani taratibu ni nyingine. Huko mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kwanza, aghalabu kwa miaka 4, katika fani yoyote aipendayo, maadamu amepita masomo ya sharti ya biolojia, kemia na fizikia, hufanya mtihani uitwao DAT, hutuma maombi, na akikubaliwa husoma miaka mingine 4 kwa kawaida, hata apewe shahada ya DDS au DMD, ambazo ni majina mawili ya daraja moja. Katika miaka ile ya mwanzo ndipo swali la maabara linapozuka.

Je, utafiti ni faradhi?

Si faradhi. Vyuo vingi vya udaktari wa meno havimkatai mwombaji kwa sababu tu hakufanya utafiti. Hutazama alama zake za darasani, matokeo ya mtihani, saa alizokaa kliniki akimtazama daktari wa meno kazini, na huduma aliyowatendea watu. Mwanafunzi ambaye jioni zake zimechukuliwa na kazi inayowalisha wadogo zake asijihesabu kuwa amekwisha shindwa kwa kukosa maabara, wala mtu asimtie hofu hiyo.

Lakini mwenye wasaa na shauku ya kujua atapata humo faida ambayo darasa peke yake haliwezi kumpa. Daktari wa meno, katika maisha yake yote ya kazi, ataletewa dawa mpya, vifaa vipya na madai mapya, na itampasa ayapime kabla ya kuyatumia katika kinywa cha mtu aliyemwamini. Na elimu ya kupima dai, yaani kuuliza limejulikanaje, kwa watu wangapi, na limelinganishwa na nini, hupatikana vyema zaidi kwa mtu aliyewahi kutafuta jibu kwa mikono yake na kuona jinsi jibu linavyoweza kumponyoka.

Si lazima maabara iwe ya meno

Wanafunzi wengi huanza kwa kutafuta maabara yenye neno “meno” katika jina lake, na wasipoiona chuoni kwao hukata tamaa. Historia ya udaktari wa meno yenyewe yatukataza kufikiri hivyo.

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, jambo ambalo wasomaji wetu wa Arusha na wa kandokando ya Kilimanjaro hawahitaji kusimuliwa, kwani wameliona nyumbani. McKay aliifuata sababu yake kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1909 akasaidiwa na G. V. Black, mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani hiyo. Wakatambua kwamba, ajabu, meno yale yenye madoa hayakuoza kwa wepesi, lakini kisababishi hawakukipata. Aliyekipata, mwaka 1931, ni H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni ya aluminiamu, mtu asiyekuwa tabibu wa meno kamwe. Alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale, akakuta floraidi kwa wingi asioutarajia. Hakuyaamini matokeo yake mwenyewe, wala hakuyatangaza; aliagiza maji mengine yachotwe upya, akapima tena, kisha akamwomba McKay amletee maji ya miji mingine yenye madoa, na kote alikuta floraidi ile ile. Kutokana na kazi hiyo, na kazi za waliofuata, mji wa Grand Rapids, Michigan, ulikuwa wa kwanza duniani kutia kiasi kidogo cha floraidi katika maji yake ya bomba, mwezi wa Januari mwaka 1945, ili kuzuia meno yasioze.

Hali kadhalika, jino la bandia lipandikizwalo katika mfupa kwa msumari wa titani asili yake ni Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura, akaona kwamba kifaa chake cha titani kimeshikamana na mfupa hata hakitoki. Na mwaka 1965 ndipo alipomtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hiyo.

Basi mwanafunzi asiidharau maabara ya mifupa, ya vijidudu, ya kinga ya mwili, ya kemia ya vitu vigumu, au ya afya ya jamii inayohesabu magonjwa mitaani. Kinywa kimo katika zote hizo.

Tazama mlezi kuliko jina

Hapa ndipo kiini cha nasaha yetu. Jambo la kwanza la kutazama katika maabara ni mtu atakayekufundisha. Umaarufu wa profesa, ukubwa wa ruzuku na uzuri wa vyombo vyote huja nyuma yake. Maabara kubwa ni mfano wa jahazi kubwa: nahodha huonekana kwa nadra, na anayekufundisha kufunga kamba ni baharia aliye karibu nawe. Katika maabara kama hiyo mlezi wako wa kila siku atakuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa au mtafiti aliyekwisha kuhitimu, naye akiwa mwema utafaidika sana, na akiwa hana subira, au akikaribia kuondoka, utabaki ukiosha chupa. Katika maabara ndogo profesa mwenyewe huenda akaketi nawe, lakini fedha huweza kuwa haba na kazi ikaenda polepole. Hakuna iliyo bora kwa watu wote. Ila kila mmoja sharti ajue, kabla ya kukubali, ni nani atakayesimama kando yake.

Kumbuka pia kwamba barua ya kukusifu chuoni, utakapoomba nafasi ya udaktari, haina uzito ikiwa imeandikwa na mtu mashuhuri asiyekujua. Mwalimu wa kawaida aliyeona jinsi ulivyorudia kipimo kilichoharibika, pasipo kunung’unika na pasipo kuficha, anayo ya kusema.

Namna ya kutafuta

Anza mwaka wa kwanza ukielekea kwisha, au mwanzoni mwa mwaka wa pili, ili upate angalau mwaka mzima wa kukaa mahali pamoja. Soma kurasa za idara za chuo chako, uone nani anachunguza nini. Kisha tafuta makala za watu hao katika hazina iitwayo PubMed, ambayo kuitafuta ni bure, na usome muhtasari wa makala mbili au tatu za karibuni, ingawa hutaelewa kila neno. Kwa tafiti zinazolipiwa na Taasisi za Taifa za Afya, daftari la wazi liitwalo RePORTER huonyesha ruzuku ya nani inaanza na kwisha lini; maana ruzuku inayokaribia kwisha ni jambo la kuuliza kwa adabu.

Barua pepe yako iwe fupi. Mwite mwandikiwa kwa cheo chake, Profesa au Daktari, pamoja na jina la ukoo. Jitambulishe, taja jambo moja katika kazi yake lililokuvutia na sababu yake, eleza una saa ngapi kwa wiki, omba dakika chache za kuonana naye. Usipeleke barua moja isiyobadilika kwa maprofesa ishirini, kwa kuwa hutambulikana mara moja. Wiki mbili zikipita bila jibu, andika tena kwa upole. Ukimya aghalabu hutokana na wingi wa shughuli, wala si dharau.

Siku ya kuizuru maabara

Katika nyumba zetu mtoto hufundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa, na mafunzo hayo ni mema. Lakini katika maabara ya Marekani anayenyamaza hudhaniwa kuwa hana haja au hajaelewa. Kuuliza huko ni sehemu ya heshima. Uliza haya:

1. Ni nani atakayenifundisha kila siku, naye atakuwapo kwa muda gani?
2. Wanafunzi wa shahada ya kwanza waliotangulia hapa walifanya kazi gani, nao sasa wako wapi?
3. Baada ya kujifunza, je, nitapewa swali langu dogo la kulifuata?
4. Mnatarajia saa ngapi kwa wiki, na wakati wa mitihani hali huwaje?
5. Je, mwanafunzi huhudhuria mikutano ya maabara na kuonyesha kazi yake kwa bango?

Kisha tazama. Omba uonyeshwe daftari la maabara: daftari jema lina tarehe katika kila ukurasa, na majaribio yaliyoshindwa yamebaki humo, hayakuchanwa. Fungua macho kwenye jokofu: kila kichupa kiwe na jina na tarehe. Na mtu akikosea mbele yako, sikiliza mkubwa wake anamwambia nini. Pia zungumza faragha na mwanafunzi mwenzako wa maabara hiyo, kwani yeye atakuambia ambayo profesa hayajui.

Saa, ujira na haki

Saa 8 hadi 10 kwa wiki zawatosha wanafunzi wengi wakati wa masomo. Alama zikianza kushuka, punguza saa bila haya, kwa kuwa hakuna utafiti utakaofidia kemia iliyoanguka. Kazi hii huweza kuwa ya kujitolea, ya kuhesabiwa kama somo, ya mshahara, au ya msaada wa serikali wa kazi kwa wanafunzi. Uliza mapema ni ipi, na kama ni somo, uliza ada yake. Baadhi ya programu za kiangazi zenye posho hutaka uraia au ukaazi wa kudumu, na mwenye viza ya mwanafunzi, ijapokuwa anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, hana budi kutozidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Basi ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulizwe kabla ya kutia saini chochote.

Usiguse kemikali, damu wala mnyama kabla ya kupewa mafunzo ya usalama. Utafiti juu ya watu au wanyama lazima uwe na idhini ya kamati ya maadili, nawe una haki ya kuuliza idhini hiyo. Ukiambiwa ubadilishe tarakimu ili zipendeze, kataa, na umwendee mshauri wako wa masomo. Cheo cha mtu hakihalalishi uongo.

Nasaha ya mwisho

Muhula wa kwanza ukiisha, keti na mama au baba umweleze kwa Kiswahili maabara yako inatafuta nini, kwa nini jambo hilo lina faida, na wewe mwenyewe ulifanya nini. Nanyi wazazi, ulizeni, na ulizeni tena pasipoeleweka. Ukiweza kueleza hata wakaelewa, umechagua mahali unapofundishwa, nawe udumu hapo. Ukishindwa, rudi kwa mlezi wako uombe akufafanulie; na ikiwa muhula wa pili nao utapita hujaweza, aga kwa shukrani, upe maabara notisi ya haki, ukatafute nyingine, kwa kuwa miaka ya shahada ya kwanza ni michache, na mgonjwa utakayemtibu kesho anastahili daktari aliyezoea kujua kwa nini.