Rangi Juu ya Chumvi: Somo kwa Kamati za Miradi na Mafundi wa Vyuma Pwani

Mnara wa chuma wenye tangi la maji la lita 10,000 hubeba tani 10 tangi linapojaa, kabla hata ya kuhesabu uzito wa tangi lenyewe. Katika shule na zahanati nyingi za Pwani, mnara kama huo husimama hatua chache kutoka kwenye mifereji ambapo watoto na kina mama hupanga foleni. Kutu huanza kuula miguuni, pale chuma kinapoingia kwenye zege na maji ya mvua yakatuama. Na mara nyingi mnara huo huwa umepakwa rangi, tena majuzi tu.

Kwa kamati zinazosimamia miradi ya umma, bodi za shule na mafundi wa jua kali, swali la kuuliza kwanza ni hili: chuma kilikuwa katika hali gani kabla kopo la rangi halijafunguliwa?

Chumvi hufanya nini

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa wakati mmoja. Mkondo mdogo wa umeme hupita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na sehemu mojawapo huliwa kidogo kidogo. Maji safi hupitisha mkondo huo kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi. Tena chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kama ile ya jikoni inavyolowa yenyewe msimu wa mvua. Kwa hiyo chuma chenye vumbi la chumvi hubaki na utando wa maji hata siku ambazo hakujanyesha.

Upepo wa kusi, unaovuma kutoka baharini takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, hubeba matone ya mawimbi yanayopasuka mwambani na kuyaleta nchi kavu. Nyumba inayotazama ufuo hupata chumvi nyingi kuliko ile iliyo kilomita chache ndani, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, katika kiwango chake namba 9223, hupanga hewa kwa ukali wake kuanzia C1 hadi C5, na juu ya hapo kuna CX. Katika hewa ya daraja la C5, chuma kitupu hupoteza kati ya mikroni 80 na 200 katika mwaka wa kwanza. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Zinki katika hewa hiyo hiyo hupoteza kati ya mikroni 4.2 na 8.4.

Tarakimu hizo mbili zinaeleza kwa nini mabati hupakwa zinki, na pia kwa nini mabati mengine hayafiki mbali. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita mraba, zikigawanywa pande zote mbili, lina takriban mikroni 19 kila upande. Lenye gramu 100 lina mikroni 7 tu. Katika hewa kali ya ufuoni, mikroni 7 zinaweza kwisha kabla ya miaka miwili. Mnunuzi dukani huuliza geji peke yake, na geji hueleza unene wa bati zima. Haisemi lolote kuhusu zinki iliyo juu yake. Anayejenga karibu na bahari ana haki ya kuuliza yote mawili, na muuzaji anayejua mali yake atajibu.

Mvua, kwa upande wake, humsaidia mwenye nyumba. Huosha chumvi juu ya paa. Ndiyo maana kutu mara nyingi huanza chini ya upenu, mahali ambapo upepo hufika na mvua haifiki. Kuosha sehemu hiyo kwa maji matamu mara chache kwa mwaka ni kazi ya bei nafuu, na huongeza umri wa bati kuliko watu wanavyotarajia.

Chini ya rangi

Hakuna rangi isiyopitisha maji kabisa. Kila utando wa rangi hupitisha mvuke kidogo. Chuma kikiwa safi, mvuke huo hauna la kufanya, kwa sababu rangi imekishika barabara na hakuna nafasi ya maji kukusanyika. Lakini kama kuna punje za chumvi zilizofunikwa pamoja na chuma, chumvi hiyo huvuta maji kupitia kwenye rangi. Maji hukusanyika, rangi huinuka na kufanya malengelenge, na ndani ya lengelenge kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, hivyo huisukuma rangi zaidi hadi ipasuke. Rangi ya bei ghali haizuii jambo hili. Pengine hulificha kwa muda mrefu kidogo.

Brashi ya waya pekee haitoshi kuondoa chumvi. Huondoa kutu iliyolegea na kung'arisha juu, huku chumvi ikibaki ndani ya vishimo vidogo ambavyo kutu imechimba. Kuna mafundi wanaopenda mng'aro huo kwa sababu mwenye kazi huridhika akiuona. Mng'aro si usafi.

Utaratibu unaofaa huanza na kuondoa mafuta na grisi kwa sabuni. Kipimo chake ni rahisi: chuma kikimwagiwa maji, maji yakatandaa, mafuta yameondoka, yakijikusanya matone matone, bado yapo. Kisha kutu hukwanguliwa kwa patasi, brashi ya waya, msasa au grainda. Baada ya hapo chuma huoshwa kwa maji mengi na kusuguliwa, hukwanguliwa tena na kuoshwa tena. Kikiachwa usiku mmoja na asubuhi, sehemu nyingine zikiwa zimekauka, yakaonekana madoa meusi yenye unyevu, hapo chumvi bado ipo. Kazi hurudiwa.

Maji yenyewe ni suala la kuangaliwa Pwani. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuoshea chuma maji hayo ni kurudisha kilichoondolewa. Yafaa maji ya mvua yaliyovunwa, au ya bomba ikiwa ni matamu.

Kwa miradi mikubwa, kama vile madaraja na minara mirefu, chuma husafishwa kwa mashine ya hewa inayopuliza chembe kali. Njia hii ndiyo bora, kwa kuwa hufika ndani ya vishimo na kuacha uso wenye mikwaruzo ambayo rangi hushika. Pia huondoa ngozi ngumu ya rangi ya samawati iliyokoza ambayo chuma kipya hutoka nayo kiwandani, ambayo isipoondolewa hupasuka baadaye na kubanduka pamoja na rangi. Mchanga wa ufuoni usitumike kamwe. Una chumvi, na mchanga wowote wenye silika, ukipulizwa, hutoa vumbi linaloharibu mapafu ya fundi bila tiba ya kuyarejesha.

Rangi ya zamani nayo ichukuliwe kwa tahadhari. Viwango vya Kenya haviruhusu rangi kuwa na zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, lakini iliyopakwa zamani inaweza kuwa na nyingi mno. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto wakiwa mbali, na magamba yakusanywe yasiingie kwenye udongo.

Rangi ipi, na ipakwe wapi

Zinki hulinda chuma kwa kujitoa: vinapokutana na maji, zinki huliwa kwanza na chuma hubaki. Mfaransa Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na msingi wa kazi hiyo haujabadilika. Praima yenye zinki nyingi, yaani rangi ya msingi iliyojaa unga wa zinki, hutumia kanuni hiyo hiyo. Lakini punje za zinki lazima zigusane zenyewe kwa zenyewe na ziguse chuma kitupu. Ikipakwa juu ya rangi ya zamani au kutu, inakuwa rangi ya kijivu tu. Ichanganywe kutoka chini ya kopo kila mara, maana unga huo ni mzito na huzama.

Daraja la Golden Gate huko San Francisco, Marekani, linapigwa na ukungu wa bahari tangu lilipofunguliwa mwaka 1937 likiwa na praima ya risasi nyekundu. Kutu ilipozidi, mwaka 1965 ilianza kazi ya kuondoa rangi yote ile na kuweka praima ya zinki. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1995. Waliondoa kwanza, ndipo wakapaka.

Praima nyekundu inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, ile mafundi wanayoiita redi oksaidi, ni kitu kingine. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, jamaa wa kutu yenyewe. Huziba, na kwa lango la nyumba iliyo mbali na bahari hutosha. Haijitoi kama zinki, kwa hiyo ikikwaruzwa hadi kwenye chuma, kutu huanza papo hapo. Kwa mnara wa ufuoni inafaa kupendekeza praima ya zinki, juu yake epoksi, na mwisho rangi inayostahimili jua kama vile poliurethani. Epoksi ikiachwa juu peke yake, jua huigeuza unga kama chaki. Rangi hizi huja katika makopo mawili. Vipimo vya kuchanganya ni vya mtengenezaji, wala si vya jicho la fundi.

Mabati mapya yanayong'aa yana kosa lake la kawaida. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki hutengeneza aina ya sabuni kati ya rangi na bati, na baada ya muda rangi hubanduka vipande vikubwa. Dawa ni praima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati.

Kingo, mishono na bolti

Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali, kwa hiyo hapo hubaki nyembamba kuliko popote. Ndipo kutu inapochungulia kwanza. Kingo zilainishwe kwa tupa au grainda, matone ya kuchomelea yakwanguliwe, kisha kingo, mishono na bolti zote zipakwe kwa brashi peke yake kabla ya kila mkono wa rangi wa uso mzima. Ni kazi ya ziada inayochosha, na ndiyo ya kwanza kurukwa jua likizama.

Mabati yakatwe kwa makasi. Grainda huunguza zinki kwenye ukingo na kurusha cheche za chuma ambazo hushika kutu juu ya bati lote. Mguu wa mnara nao uishie juu ya zege iliyoinuliwa na kuteremka pande zote, ili maji yasipate pa kukaa. Mguu ambao tayari umeliwa hadi nyundo inaacha shimo haukingwi tena kwa rangi: tangi litolewe maji, watu waondolewe chini yake, na mhandisi aitwe.

Hesabu ya makopo

Unene wa rangi unaweza kukaguliwa hata na asiye fundi. Kopo huandikwa kiasi cha yabisi, yaani kinachobaki rangi ikikauka. Ikiwa ni asilimia 50, lita moja ikitandazwa mita mraba 10 hutoa mikroni 100 mbichi na 50 kavu. Chukua mnara wenye eneo la mita mraba 60 unaotakiwa kuwa na mikroni 200 kavu. Unahitaji lita 24, sawa na makopo sita ya lita 4, bila kuhesabu inayobaki kwenye brashi. Mwanakamati akiona makopo matatu tu yamefika, unene hauwezi kuzidi mikroni 100, hata fundi awe hodari namna gani. Thina haiongezi kitu. Huongeza maji maji ya kutandaza, kisha hupotea hewani. Makopo matupu yahesabiwe kabla hayajatupwa.

Majira bora ya kazi hii Pwani ni ya kaskazi, hasa Januari hadi mapema Machi, kabla ya mvua ndefu. Asubuhi chuma kina umande. Kisipakwe hadi kikauke, na mkono wa mwisho umalizike mapema ili umande wa usiku usiikute rangi ikiwa mbichi. Chumvi mpya hutua kila usiku, hivyo kilichosafishwa leo kipakwe praima leo.

Mikataba mingi ya ujenzi ina kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi sita. Malengelenge ya chumvi yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo kujitokeza, na wakati huo mwanakandarasi amekwisha kulipwa na kuondoka. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mwisho, wakati rangi inang'aa na viongozi wamekuja kufungua mradi, hauna msaada mkubwa. Kamati iandike katika mkataba kwamba kazi itasimama mara tatu ikaguliwe: chuma kikiwa kimesafishwa na kukauka, praima ikiwa imekauka, na kabla ya mkono wa mwisho. Kila mara picha za miguu na mishono zipigwe, zikiwa na tarehe, na ziwekwe kwenye faili la mradi.