Mwana wa Miaka 12 na Fedha za Mwaloni

SWALI: Mama mmoja wa Wampembe, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, anaeleza kuwa mwanawe wa miaka 12 hutoroka nyumbani nyakati za giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambapo taa za wavuvi huwavuta dagaa vizuri, akakesha mwaloni, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, akipakua ndoo za dagaa hadi alfajiri, kisha akasinzia darasani. Akionywa, hujibu kwa ukali kwamba daftari na kalamu anajinunulia mwenyewe. Mama anauliza iwapo amchape au amwache.

JIBU: Mambo mawili yamechanganyika hapa, nayo yanahitaji kutenganishwa. La kwanza ni balehe, kipindi ambacho homoni, yaani kemikali zinazotolewa na tezi na kusambazwa na damu, huubadili mwili wa mtoto kuwa wa mtu mzima. Kwa wavulana huanza kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14, na kununa na kubishana kunakoambatana nacho ni dalili ya akili inayojifunza kujitegemea, ambayo fimbo haiwezi kuiondoa. La pili ni kazi ya usiku, ambayo haikuletwa na umri bali na watu wazima wanaomlipa, ilhali Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Mzazi alegeze la kwanza na kukaza la pili. Baba au mjomba amwendee mchana mwenye chombo cha uvuvi anayempa mtoto kazi hiyo, mtoto asiwepo, amtake asimpokee tena, na akikaidi, shauri lifikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji au afisa ustawi wa jamii. Kwa kuwa mtoto anayejivunia daftari alilojinunulia anatafuta heshima kuliko fedha, apewe kazi ya mchana inayoheshimika: Jumamosi aanike dagaa wa mama yake, awageuze juani, aandike mauzo katika daftari lilelile, na apewe fungu lake waziwazi.

Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakusema avunjwe. Mama na amkunje mwanawe kwa upole, ila usiku wa leo mtoto alale nyumbani.