Watoto Wetu Wanapobalehe: Lipi ni la Kawaida, na Lini Aonwe Daktari

Katika Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa, wanaowalea mayatima wameagizwa kuwapima mpaka wafikie umri wa kuoa. Kisha, wakiona kwao akili ya kupambanua mambo, ndipo wawakabidhi mali zao. Yafaa kuangalia mpango wa agizo hili. Umri wa mwili umetajwa kwanza, na upevu wa akili umetajwa peke yake baadaye, kuwa ni jambo la pili linalotakiwa kuthibitishwa. Mwili waweza kutangulia, na akili ikawa bado njiani.

Tumelitaja hili kwa sababu huko Mpanda na mkoa mzima wa Katavi kuchanganya mambo haya mawili kumeleta madhara. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba, hali kwa Tanzania nzima walikuwa 27. Sababu zake ni nyingi, umaskini ukiwamo. Lakini nyingine ni hii, kwamba binti akiota matiti tu, watu husema amekua.

Basi na tutazame mwili unavyokwenda. Kwa msichana, kuota matiti ndiyo dalili ya kwanza kwa kawaida, nayo yaweza kuanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 aliyeanza kuota matiti angali mtoto wa shule ya msingi, naye hana hata hedhi. Kwa mvulana mambo huanza kati ya miaka 9 na 14, na dalili ya kwanza ni kukua kwa korodani, jambo ambalo wazazi hawalioni. Wao hushtuka sauti inapovunjika, kumbe mtoto yumo safarini siku nyingi. Wasichana hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14. Ndiyo sababu katika darasa moja binti humpita kimo kaka wa umri wake, na wote wawili ni wazima.

Yako pia mambo yanayotisha bila sababu. Titi moja laweza kuanza miezi kadhaa kabla ya lenzake, na baadaye moja likabaki kubwa kidogo. Karibu nusu ya wavulana huvimba kidogo chini ya chuchu, wakaona haya hata kuvua shati. Uvimbe huo kwa kawaida hutoweka wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Ndoto za usiku si ugonjwa wala si dhambi. Aliyeota hutakiwa kuoga tu. Na hedhi katika miaka miwili ya kwanza haina mpangilio: siku 21 mara hii, siku 45 mara nyingine. Mama aliyevunja ungo akiwa amechelewa asistaajabu bintiye naye akichelewa.

Lakini subira ina mpaka wake. Aonwe daktari msichana aliyeanza kuota matiti kabla ya kutimiza miaka 8, na mvulana aliyeanza kubalehe kabla ya miaka 9. Aonwe pia msichana ambaye hana dalili yoyote akiwa na miaka 13, au hajapata hedhi akiwa na miaka 15, na mvulana ambaye hajaanza akiwa na miaka 14. Mara nyingi huwa ni kuchelewa kwa kawaida tu. Lakini utapiamlo na selimundu pia huchelewesha, na magonjwa hayo yahitaji tiba. Binti anayeumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu huenda damu imezibwa ndani, na daktari aweza kuifungulia. Damu inayozidi siku 7, au nyingi hata binti akaona kizunguzungu, isingojewe.

Liko moja lisilongoja hata usiku upite: mvulana kushikwa ghafla na maumivu makali ya korodani. Huenda imejipinda, na saa 6 hivi za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa ya kuiokoa kwa upasuaji. Anayekaa Karema au Mishamo, mbali na hospitali, atafute usafiri saa ile ile.

Wengi hunyamaza kwa haya. Fatima binti Abu Hubaish alimwendea Mtukufu Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba damu yake haikatiki, akauliza kama aache sala. Alijibiwa kwamba ile ilitoka katika mshipa, haikuwa hedhi. Aache sala siku za hedhi yake, kisha aoge na kusali. Swali lake lingali likisomwa leo.

Uendapo zahanati, chukua kadi ya kliniki ya mtoto yenye tarehe ya kuzaliwa, maana bila umri wa hakika daktari hawezi kusema aliyewahi wala aliyechelewa. Binti aandike siku hedhi ilipoanza na ilipokwisha, kwa miezi mitatu au minne. Akiona haya mbele ya mwanamume, aombe kuonana na muuguzi mwanamke.