Kuita Methodi Moja Ndani ya Nyingine

Wanafunzi wengi huweza kuunda klasi, lakini hukwama pale methodi moja inapohitaji jibu la methodi nyingine ya klasi hiyo hiyo. Wengine hunakili kanuni nzima upya. Programu itafanya kazi, ila siku kanuni ikibadilika utairekebisha sehemu moja na kusahau nyingine. Njia sahihi ni kuiita methodi iliyokwisha kuandikwa. Soma programu hii ya Python:

```
class Mtahiniwa:
    def __init__(self, alama):
        self.alama = alama

    def wastani(self):
        return sum(self.alama) / len(self.alama)

    def gredi(self):
        w = self.wastani()
        if w >= 75:
            return "A"
        elif w >= 65:
            return "B"
        elif w >= 45:
            return "C"
        elif w >= 30:
            return "D"
        else:
            return "F"

m = Mtahiniwa([70, 62, 81])
print(m.gredi())
```

Fuatilia kwa kalamu. Tumeita `m.gredi()`, kwa hiyo ndani ya `gredi` neno `self` ni `m`. Ikifika `self.wastani()`, `gredi` inasubiri. `wastani` inajumlisha alama kupata 213, inagawa kwa 3 na kurejesha 71.0. Thamani hiyo inaingia kwenye `w`, kisha `gredi` inaendelea pale ilipoishia. 71.0 haifiki 75 lakini inavuka 65, hivyo inachapishwa B.

Kosa ninalolisahihisha kila muhula ni hili: `w = wastani()`. Python haitafuti jina hilo ndani ya klasi. Hulitafuta nje, hailioni, na kutoa `NameError`. Jiulize pia: wastani wa nani? Ukiwa na watahiniwa 40, `self` ndiyo inayoonyesha ni yupi. (Katika Java jina pekee lingetosha. Usichanganye lugha hizi mbili kwenye chumba cha mtihani.)

Usiandike `self.wastani(self)` pia. Python huipeleka `self` yenyewe, nawe utakuwa umeipeleka mara ya pili. Matokeo ni `TypeError`.

Jipime. Asha ameandika `w = self.wastani`, bila mabano. Programu itakwama mstari gani, na kwa nini?

Jibu. Itakwama kwenye `if w >= 75`, si kwenye mstari alioukosea. Bila mabano methodi haikuitwa, kwa hiyo `w` imebeba methodi yenyewe badala ya namba, na methodi hailinganishwi na 75.