BARUA ISIYOFUNGWA
Somo kwa wainjilisti, wazee wa kanisa, na wote wajuao kusoma

Someni kwanza: Nehemia 6:1–9, Mithali 11:13, Wakolosai 4:7–9.

Mwezi huu twataka kufundishana juu ya jambo ambalo baba zetu hawakulijua, ingawa dhambi iliyo karibu nalo waliijua sana. Ni jambo la barua pepe, na la masanduku ya barua tunayopewa bure na makampuni makubwa ya ng'ambo, ambayo hupata faida yao kwa matangazo ya biashara.

1. Jambo lililotupata

Huku kwetu Mzinga mama mmoja alipatwa na ugonjwa ambao hakutaka watu waujue. Alimweleza mwinjilisti peke yake, kwa barua pepe, maana kijana wake alikuwa amemfungulia sanduku la bure katika simu. Mwinjilisti akamjibu kwa maneno ya faraja, wala hakumwambia mtu. Jioni ile mama akaulizia jina la ugonjwa katika simu ile ile, akafungua kurasa zinazoeleza dawa zake.

Baada ya siku chache jirani aliazima simu ile apate kutazama bei ya mahindi. Kumbe, kando ya habari za mahindi limekaa tangazo la dawa ya ugonjwa ule! Jirani akaona, akauliza, na neno likaenea mpaka bombani. Mama akalia, akasema, "Aliyejua ni mwinjilisti peke yake." Basi mwinjilisti akaitwa mbele ya wazee, na siku tatu hakufundisha. Tulipoketi na simu ile mkononi, kijana akatuonyesha jinsi matangazo yanavyomfuata mtu kwa yale aliyoyatafuta, ndipo tulipojua ya kuwa ndugu yetu hana hatia. Twakiri mbele yenu ya kuwa hata sisi tulikuwa tumekwisha kumdhania vibaya.

Kwa sababu hiyo twaandika somo hili, ili yaliyotupata sisi yasiwapate ninyi.

2. Mwenye kulipa ni nani?

Barua ya karatasi twaijua. Mwandishi huitia katika bahasha, huifunga, hununua stempu. Stempu ndiyo ujira wa mchukuzi: analipwa kuichukua barua, halipwi kuisoma. Lakini sanduku la bure halina stempu, nasi hatuna budi kuuliza: mchukuzi huyu anakula wapi?

Sanduku la Hotmail lilianza mwaka 1996. Tarehe 1 Aprili, mwaka 2004, kampuni ya Google ilitoa sanduku lake la Gmail, lenye nafasi kubwa kuliko mengine ya siku zile, nalo lilitolewa bure. Ujira wake ulikuwa huu: mashine za kampuni zilipitia maneno yaliyomo ndani ya barua, kisha zikachagua tangazo linaloelekeana nayo. Mtu akiandikiwa habari za safari, huenda akaona tangazo la nyumba za wageni. Mwezi ule ule mashirika 31 ya kutetea haki za watu yaliiandikia kampuni barua, yakiisihi isimamishe kazi hiyo. Tena yaliuliza juu ya mtu wa upande wa pili, yule anayemwandikia mwenye sanduku: yeye hakukubali neno lo lote, na barua yake inapitiwa vilevile.

Kampuni ilijibu ya kuwa mtu hasomi barua hizo, ni mashine tu. Mwezi wa Juni 2017 ikatangaza kwamba itaacha kutumia maneno ya barua za watu kwa kuchagua matangazo. Hata hivyo mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal la Marekani liliandika kwamba wenye Yahoo Mail walikuwa wakiendelea kuzichambua barua kwa ajili ya wafanya biashara. Na katika sanduku la Gmail la bure matangazo yangaliko. Yanachaguliwa kwa mambo mengine, kama yale mtu anayoyatafuta na zile video anazozitazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule. Haikuwa lazima barua yake ifunguliwe. Maswali yake yalitosha kumtoa.

3. Tusishuhudie uongo

Hapa tujihadhari, maana Amri ya Nane yatulinda sisi, nayo yamlinda hata tajiri wa ng'ambo. Wengine husema, "Makampuni haya huuza barua zetu sokoni." Tusiseme neno tusilolijua. Mfanya biashara hapewi barua yako mkononi. Yeye huiambia kampuni, "Tangazo langu liwafikie watu wa namna hii," na kampuni, ambayo inawajua watu wake, hulipeleka. Kinachouzwa ni nafasi mbele ya macho yako, na bei yake hupanda kwa kadiri unavyojulikana.

Wala tusisahau msaada wake. Kwa masanduku haya mwana aliye Dar es Salaam humwandikia mama yake aliye juu mlimani Uluguru pasipo gharama ya stempu. Hatusemi, yatupeni. Twasema, jueni mnachokilipa.

4. Maandiko na baba yetu Luther

Nehemia alipokuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu, Sanbalati alimtuma mtumishi mara ya tano, naye alikuwa na barua mkononi isiyofungwa. Kwa nini haikufungwa? Ndani yake mlikuwa na uvumi wa kwamba Nehemia ataka kuasi, na barua iliyo wazi yaweza kusomwa na kila mtu njiani. Sanbalati alijua ya kuwa neno lililo wazi hufanya kazi yake kabla ya kufika. Lakini Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, nyaraka zake alizikabidhi kwa Tikiko, ndugu mpendwa na mtumishi mwaminifu. Basi tazameni: barua yapata usalama wake kwa mambo mawili, kufungwa kwake na uaminifu wa mchukuzi.

Dk. Martin Luther naye yalimpata. Mwaka 1528 alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Linck wa Nürnberg barua ya siri, na ndani yake alimtaja Georg, mtawala wa Saksonia, kwa maneno makali. Habari za barua ile zikamfikia mtawala mwenyewe, pakawa na ugomvi mkubwa. Luther akajibu kwa kitabu kidogo juu ya barua za siri na za kuibwa, kilichopigwa chapa mwaka 1529. Hoja yake ni hii: barua ya siri ni mali ya mwenyewe, na aitwaaye pasipo ruhusa amekuwa mwivi, kama yule aibaye fedha. Hatusemi ya kuwa maneno yake makali yalikuwa mema. Lakini kosa la mwandishi halimpi mwingine haki ya kuiba.

Na Katekisimo Ndogo, iliyotoka mwaka ule ule wa 1529, yatufundisha katika Amri ya Nane ya kuwa kumsaliti jirani ni dhambi pamoja na kumsingizia. Kwa hiyo hata neno la kweli laweza kuwa dhambi, likitolewa na asiyepewa ruhusa. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijua kata. Mwinjilisti ni kata ya usharika. Anachoteka si chake.

5. Sheria ya nchi

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, jamaa yake, maskani yake, na mawasiliano yake ya binafsi. Tena Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume imewekwa ya kuisimamia. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya na za imani ya mtu kuwa za kulindwa zaidi. Wazee wa kanisa, angalieni: vitabu vyetu vya ubatizo, vya ndoa, na orodha za wagonjwa ni habari za namna hiyo hiyo. Tukiwalaumu wa ng'ambo, na daftari yetu iko wazi mezani, tutakuwa wanafiki.

6. Basi tufanye nini?

Kwanza, jambo la toba, la ndoa, au la ugonjwa lisiandikwe katika barua pepe pamoja na jina la mtu. Andika tu, "Nitakuja kesho," kisha uende kwa miguu. Mwendo wa saa mbili mlimani ni stempu yetu.

Pili, usharika uwe na sanduku lake, mbali na sanduku la mwinjilisti la nyumbani. Na neno la siri la kulifungulia lijulikane na wachache waliochaguliwa.

Tatu, katika mipangilio ya sanduku na ya simu pana mahali pa kuzuia matangazo yanayomfuata mtu. Matangazo hayatakwisha, lakini yataacha kukufuata kwa mambo yako. Vijana wetu wanaojua wawafundishe wazee.

Nne, simu inayoazimwa na wengi isitumiwe kuulizia mambo ya siri. Na katika duka la intaneti, usiondoke kabla ya kulifunga sanduku lako.

Tano, neno likienea, usimhukumu ndugu upesi. Uliza kwanza. Mwinjilisti wetu alirudi kufundisha Jumapili iliyofuata, na mama yule alisimama mbele ya usharika akamwomba radhi. Nasi tukamwomba radhi baada yake.

Mfalme Hezekia alipopokea barua ya vitisho, alipanda nyumbani mwa Bwana akaikunjua mbele zake. Mbele za Mungu barua zetu zote zi wazi tangu zamani, naye hamwuzii mtu neno. Atufundishe nasi kutunza tuliyokabidhiwa. Amina.

Maswali ya kuulizana

1. Kwa nini Sanbalati hakuifunga barua yake?
2. Neno la kweli laweza kuwaje kosa juu ya Amri ya Nane?
3. Je, daftari za usharika wetu zinakaa wapi, na nani aweza kuzifungua?