SOMO: Kitunguu Saumu na Maambukizi ya Njia ya Mkojo



Katika semina zetu za afya vijijini tumekuwa tukifundisha matumizi ya mimea ya dawa inayopatikana jirani. Kitunguu saumu huulizwa sana, hasa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi tunayaita U.T.I. Tunaliandika somo hili kwa sababu mama mmoja aliyehudhuria semina, akiwa na ujauzito wa miezi sita, alitafuna kitunguu saumu kwa siku tisa huku akipata maumivu ya kukojoa. Siku ya kumi alifikishwa hospitali akitetemeka kwa homa. Maambukizi yalikuwa yamepanda kwenye figo. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walipona. Lakini tulipojitathmini tuliona kosa ni letu: tulifundisha kutayarisha dawa, hatukufundisha mpaka wake.

Ugonjwa huu ni nini?

Mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye E. koli, anayeishi kwenye utumbo mkubwa bila kutudhuru. Akiingia kwenye mrija wa mkojo na kufika kibofuni, huleta ugonjwa. Wanawake huugua zaidi kwa sababu mrija wao ni mfupi, kama sentimeta 4 tu, na uko karibu na njia ya haja kubwa. Dalili zake ni kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, mkojo kuchoma, na maumivu chini ya kitovu.

Si kila mkojo unaochoma ni U.T.I. Magonjwa ya zinaa huleta dalili zinazofanana. Kwa wanaoishi karibu na maziwa, mabwawa na mashamba ya mpunga, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho, kinachotibiwa kwa prazikwanteli. Ndiyo maana kipimo ni muhimu.

Kitunguu saumu kinafanya nini?

Punje ikipondwa, hutoa kemikali iitwayo alisini, ambayo ndiyo yenye ile harufu kali. Wanasayansi wa Marekani waliitambua mwaka 1944. Katika maabara, alisini hudhoofisha au huua bakteria wengi, E. koli akiwemo. Lakini mwilini huvunjika upesi, na hakuna utafiti wa kutosha kwa wagonjwa unaothibitisha kuwa kitunguu saumu peke yake huponya U.T.I. Kwa hiyo tunakitumia kama msaidizi. Hakichukui nafasi ya matibabu.

Namna ya kutumia

1. Menya punje 1 au 2 kwa siku, uziponde kwenye kinu.
2. Ziache dakika 10 ili alisini itengenezeke. Ukizipika mara moja, moto huizuia.
3. Changanya kwenye kachumbari, mtindi au uji uliopoa. Usile tumbo likiwa tupu.

Katika Hesabu 11:5 Waisraeli walikumbuka vitunguu saumu vya Misri kama chakula. Nasi tukitumie kwa kiasi cha chakula.

Tahadhari

- Usikipake wala kukiingiza sehemu za siri. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi laini.
- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kwanza.
- Anayetumia ARV asile vidonge vya kitunguu saumu bila ushauri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa vidonge hivyo vilipunguza kiasi cha dawa iitwayo saquinavir katika damu kwa karibu nusu.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa

Wajawazito, watoto, wanaume, wazee na wenye kisukari wapimwe mara dalili zinapoanza. Mtu yeyote mwenye homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo chini ya mbavu, kutapika au damu kwenye mkojo asisubiri hata siku moja. Ukipewa antibiotiki, maliza dozi yote. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kukisia, wala usitumie vilivyobaki vya jirani. Hivyo ndivyo bakteria wanavyojenga usugu.

Kujikinga

Kunywa maji ya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, kwa wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara, ulionyesha kuwa walioongeza lita 1.5 za maji kwa siku waliugua karibu nusu ya wenzao. Usibane mkojo. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na ukojoe baada ya tendo la ndoa. Akina baba, mkeo asiyeruhusiwa kutoka shambani kwenda haja hubana mkojo. Na mwenye kuteka maji mbali huyanywa kwa kuyapima. Jambo hili ni la nyumba nzima.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nini huwachelewesha akina mama wa kijiji chetu kwenda kupima: nauli, aibu, au ruhusa ya mume?
2. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mjamzito akipata homa usiku?
3. Ni dawa gani nyingine za asili tunazozitumia bila kujua mpaka wake?

Tunawaomba viongozi wa vikundi walisome somo hili kwa sauti, hasa sehemu ya tahadhari, kabla ya kugawa kitunguu saumu kwa mtu yeyote.